Taa Inayoogopa Jiko

Kiwandani walimwita Bwana Mng'aro, na jina lilimkaa, maana kwa kujisifu hakuwa na mpinzani. Kazi yake ilikuwa gundi: ile silikoni angavu inayomiminwa juu ya kijiwe kinachotoa mwanga ndani ya taa ya LED ili kukikinga. Alikuwa akiichanganya na chembe za nano, ambazo vumbi mbele yake ni mlima, ili mwanga utoke kwa wingi na taa idumu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwanga ulitoka kweli. Tatizo lilikuwa hilo la kudumu.

Na kudumu kulipimwa na nani? Mkewe. Mama wa watu alikuwa chumba cha pili na tanuri lake, anazioka taa kwa joto na mvuke mpaka zikiri makosa. Cheo cha mkuu wa maabara kilikuwa wazi, na Bwana Mng'aro alishaanza kutembea kama mwenye nacho. Kilichobaki ni saini ya mkewe kwamba gundi mpya imefaulu.

Tanuri likafunguliwa. Gundi ilikuwa ya manjano kama meno ya mvuta sigara, imejaa vidoa. Mkewe akamweleza kwa upole kwamba chembe zimegandana kwa sababu hazikukorogwa vya kutosha, na zikigandana joto hukwama, gundi ikaungua. Arudi akakoroge upya.

Mtu mwenye akili angerudi kwenye mashine ya kukorogea. Huyu alirudi kwa mama yake.

Jumapili mama mtu akatinga sebuleni na shangazi, nyuso za msiba. Kikao kizima, jamani, kwa ajili ya taa! Wakasema mke anayechoma taa za mumewe anamwaga unga wa nyumba yake mwenyewe, na mengine ambayo hata jirani aliyasikia. Mwanamume kajikunyata kwenye kochi, anatazama zulia, anajionea huruma.

Mkewe aliwamiminia chai mpaka wakaishiwa maneno. Kisha akaleta taa moja ya mumewe.

"Mama, itundike jikoni kwako, juu ya sufuria. Mwezi ukiisha nawe umeridhika nayo, natia saini."

 Bwana Mng'aro akadakia kwamba taa ile ilifaa zaidi sebuleni, penye hewa.

"Kwani taa yako inaogopa jiko?" mama akauliza, akaitia mkobani.

Tangu siku hiyo Bwana Mng'aro hakulala vizuri, na alistahili. Akienda kwa mama anaishia mlangoni, asije akaiona ile taa. Mwezi haukuisha: mama akarudi mwenyewe, bila shangazi, taa kaifunga kwenye leso, imefifia na kuiva rangi ya chai. Hakumtazama mwanawe. Alimkabidhi mkwewe.

"Nisamehe, mkwe wangu. Huyu tangu mdogo, uji akipika yeye ni madonge matupu. Hana subira ya kukoroga. Nilijua, na bado nikaja kukugombeza wewe."

Kesho yake Bwana Mng'aro alikuwa wa kwanza kufika kiwandani. Akawasha mashine, akavuta kiti, akakaa kuitazama gundi ikizunguka, bila kujisifu kwa mtu. Ilipokuwa tayari aliibeba hadi chumba cha pili, akabisha hodi. Mlangoni palikuwa na kibao kipya cha mkuu wa maabara, na aliyemwitikia ndani ni mkewe.