Ndama wa Kakule

Duka la mtandaoni lilikuwa limempa Umutesi saa mbili. Ndani ya muda huo angeweza kuijaribu nyongeza ya mchezo wa mashamba, ile iliyoleta ng'ombe na malisho, na akiikataa arudishiwe dola zake ishirini na tano. Muda ukipita, fedha zimekwenda. Na hizo ndizo fedha pekee alizobaki nazo za kuunusuru ukumbi wake wa michezo ya video, kibanda cha mbao alichokisimamisha Munigi, pembezoni mwa Goma, juu ya lava iliyoganda ya volkano ya mwaka 2021, kwa maana wachezaji walikuwa wakihamia kumbi za mjini mmoja baada ya mwingine.

Hakutaka kuamua kwa sifa za watu wa mbali. Alimkalisha mbele ya skrini baba yake, Ntirenganya, aliyefuga ng'ombe Masisi kwa miaka arobaini, hadi vita vya waasi vilipomleta Goma na fimbo tu mkononi.

"Papa, ukisema haina maana, mi nairudisha."

Kwenye mashine ya pili, katika bonde lile lile la mchezo, alicheza Kakule, muuza maharagwe, mteja ambaye bado hajahama.

Mzee alikagua kwa utaratibu. Pembe hazikuwa mbaya. Majani baada ya mvua yaliota inavyopasa. Kisha akakamua, maziwa yakatiririka papo hapo kama maji ya bomba, naye akaondoa mkono kama aliyeguswa na moto.

"Ndama iko wapi? Ngombe ya kwetu haikupe maziya kama haijalamba mutoto wake. Hii ni robinet!"

"Leta ndoo, muzee!" Kakule akacheka. "Huku Munigi hata robinet ya maji hatuna."

"Nyamaza, weye mutu wa maharagi."

Umutesi akatazama saa. Saa moja na nusu ilikwisha kupita. Akafungua simu, akatafuta ukurasa wa kurudishiwa fedha.

Hapo ng'ombe akazaa. Ntirenganya aliinuka kitini, akawanyamazisha wote kwa kiganja. Ndama alipojikongoja na kusimama, akamwita Gaju, kwa rangi yake ya kahawia. Kisha akaona alama ndogo ya mkono uliofunguliwa, akauliza maana yake.

"Ni ya kupatia mutu mwingine, papa."

Mzee akamgeukia mchezaji wa mashine ya pili.

"Kakule, tuko majirani mwaka muzima, na hauna hata mukia wa ngombe. Gaju ni yako."

Kakule alianza kucheka, akaishia njiani: ndama alikuwa akiingia shambani mwake.

"Usicheke," mzee akasema. "Mutu akipewa ngombe, anarudi kushukuru, na watu wake, na pombe. Na Gaju ikizaa, mutamba ya kwanza, ndama jike, inarudi kwangu."

"Njo vile, kweli?" Kakule akauliza. "Inazaa lini?"

Umutesi akasoma kwenye skrini. "Wiki mbili, kama unaichunga kila siku."

"Basi nitakuwa huku kila siku. Na muke wangu akiuliza maziya iko wapi, nitamwambia nini?"

Zilibaki dakika sita. Umutesi akamwinamia baba yake.

"Papa, na ile robinet?"

"Ile ni kosa. Aliyetengeneza hii hajalala karibu na ngombe hata siku moja. Lakini anajua ngombe ni ya kupeana."

Umutesi akaigeuza simu kifudifudi mezani, akaacha dakika zipite.

Jumamosi alasiri Kakule aliingia na koti lake la kanisani, amebeba kidumu cha kasiksi, pombe ya ndizi, na nyuma yake wanaume watatu ambao ukumbi haukuwa umewaona tangu msimu wa mvua. Alishukuru kwa maneno mengi, na kwa dhati. Wenzake hawakungoja amalize. Walitaka kujua ng'ombe huombwa kwa nani.

Ntirenganya hakuharakisha. Alimwomba binti yake vikombe.

"Mukunywe kwanza," akasema. "Ngombe haiombwe na koo kavu."

Umutesi akamimina, kisha akaenda kuwasha mashine zote.