Mpaka Uliofungwa kwa Ajili ya Kuku

Rais wa nchi jirani hakuja kwenye harusi ya binti wa rais wetu. Alituma salamu na seti ya vikombe, na kimoja kilifika hakina mkono. Jumatatu yake baraza la mawaziri likaitwa kujadili usalama wa taifa.

Katibu Mkuu wa Mambo ya Nje alikaa chini ya kiyoyozi kinachovuja. Alikuwa mama wa makamo, na waziri wake alikuwa safarini kama kawaida, kwa hiyo wizara ilikuwa yeye.

"Mpaka ufungwe," alisema Rais. "Leo hii."

Mawaziri wakaanza kutafuta sababu. Wa Afya akakumbuka kwamba majirani wana homa ya kuku. Wa Ulinzi, ambaye wenzake walimwita Mzinga kwa sauti yake, akasema amewashuku watu wale tangu zamani, ila kwa lipi amesahau.

"Mheshimiwa, ngano yetu inapita pale," alisema Katibu Mkuu. "Mafuta pia."

"Wewe mama unawatetea?"

"Natetea mkate, Mheshimiwa."

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Mpaka ukafungwa kwa ajili ya kuku.

Alasiri Katibu Mkuu alimpigia simu mwenzake wa ng'ambo ya mpaka, mwenye cheo kama chake. Walisoma pamoja chuoni, chumba kimoja.

"Dada, bosi wako alikuwa wapi siku ya harusi?"

Mwenzake alishusha pumzi. "Ukimwambia mtu, nimekwisha. Alipaka nywele dawa ziwe nyeusi, zikatoka rangi ya karoti. Akajifungia ndani wiki nzima. Mabalozi tuliwaambia yuko kwenye mashauriano ya kina."

"Si angenyoa?"

"Anasema ana kichwa kibaya."

Katibu Mkuu alicheka hadi machozi, kisha kicheko kikamkauka. Malori yalikuwa yamesimama foleni, madereva wanalala chini ya magurudumu, na chanzo chake hawezi kumwambia mtu yeyote.

Kufikia Alhamisi mkate ulikuwa umesinyaa, bei imenenepa. Mzinga alipeleka vifaru mpakani, kimoja kikaishiwa mafuta katikati ya barabara. Mafuta yake yalikuwa upande wa pili, kwenye lori alilolizuia mwenyewe.

Ndipo Katibu Mkuu akaenda kumwamkia mama mzazi wa Rais. Bibi huyo alikuwa amekataa kuhamia ikulu kwa sababu hakuna pa kuanika nguo, na alikaa kwenye nyumba yake ya zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona meno yangu hayaji?"

Daktari wake wa meno alikuwa ng'ambo, na meno mapya yalikuwa tayari. Katibu Mkuu alilijua hilo vizuri, ndilo lililomleta.

"Yamekwama, mama. Mpaka umefungwa kwa ajili ya kuku."

"Kaufunga nani?"

"Serikali."

"Serikali ndiyo nani?"

Katibu Mkuu alitazama chai yake. "Ni mwanao, mama."

Bibi akaomba simu.

"Wewe," alisema ilipopokelewa. "Kuku gani? Mimi nakunywa uji asubuhi na jioni, wewe unaniambia habari za kuku? Nimekuzaa wewe, hao kuku sikuwazaa." Akasikiliza kidogo. "Kikombe kisicho na mkono nipe mimi nitilie chumvi. Fungua mpaka."

Kabla jua halijazama, mpaka ulikuwa wazi kwa misingi ya kibinadamu. Mzinga aliwaambia waandishi kwamba yeye siku zote ni mtu wa mazungumzo. Redioni, mhadhiri mmoja wa siasa za kimataifa alieleza kwa saa nzima jinsi ufungaji ule ulivyokuwa hatua iliyopigiwa hesabu miaka mingi.

Rais alimwita Katibu Mkuu ofisini. "Andika taarifa. Sema tumeshinda."

"Tumeshinda nini, Mheshimiwa?"

"Wewe ndiye mtaalamu."

Alirudi mezani kwake, akavua viatu, akampigia mwenzake. Naye alikuwa anaandika taarifa hiyohiyo ya upande wake.

"'Busara' nimeshaitumia aya ya kwanza," mwenzake alisema.

"Basi niachie 'ukomavu'."

"Chukua. Na mshindi?"

"Huko mmeshinda nyinyi, huku tumeshinda sisi."

"Sawa, dada. Wasalimie watoto."