Unga Usio na Makosa

Anatole aliijua kazi yake kupita mtu yeyote kati ya Baraka na Fizi, na hilo ndilo lililomponza. Daktari Mbelgiji alichukua chapa za meno ya watu kule Baraka, akazituma Fizi kwa lori. Fundi Anatole alimimina plasta ndani yake akapata sanamu ya kinywa, kisha juu yake akatengeneza jino la dhahabu au daraja la kuziba pengo. Na pengo alikuwa nalo nyumbani: mkewe Constance alianguka na mzigo wa mihogo njia ya Mboko, jino la mbele likang'oka, na tangu siku hiyo alicheka ameziba mdomo kwa kiganja. Anatole hakutaka kingine duniani ila kuuona mkono ule umeshuka.

Mwaka wa 1953 daktari akaletewa unga mpya wa kuchukulia chapa kutoka Ulaya. Plasta ya zamani ilikuwa mateso matupu: iliganda kinywani, ikavunjwa vipande, na fundi akaviunganisha kimoja kimoja. Lakini vipimo vyake havikuhama. Chapa ya unga ilitoka nzima na laini. Ila usipomimina plasta ndani yake papo hapo, husinyaa. Na lori lilipanda Fizi kwa saa mbili, jua linachoma. Anatole alipoyasema hayo, aliambiwa kitambaa chenye maji kinatosha.

Kwa Madame, mke wa bwana pamba aliyesimamia kilimo cha pamba, daktari alichukua chapa zote mbili, ya plasta na ya unga, ili azilinganishe.

"Utengeneze juu ya chapa ya unga," aliagiza. "Daraja ikiingia muzuri, ingine itakuwa ya bibi yako, bure."

Sanamu ya unga ilikuwa imejibana, hata kipofu angeigundua kwa vidole. Anatole akatengeneza juu ya ile ya plasta, bila kumwambia daktari. Daraja likaingia kinywani mwa Madame bila kusukumwa. Daktari alifurahi kupita kiasi; akauandikia unga wake sifa kurasa tatu, na makopo ya plasta ya chapa yakatupwa shimoni.

Ikafika zamu ya Constance.

"Docteur, kwa huyu tutumie plasta," Anatole aliomba, daktari alipopita Fizi.

"Juu ya nini? Si uliona ya Madame?"

Hapo ndipo alipopaswa kukiri kwamba la Madame lilitokana na plasta. Alijibu, "Ndiyo, docteur." Alikuwa mwoga, nami simtafutii neno la kumpamba.

Daktari akayasaga meno mawili mazima ya Constance, kushoto na kulia kwa pengo, yapate kushika daraja. Chapa ikapanda Fizi ndani ya kitambaa chake, ikafika imesinyaa, na Anatole hakuwa na nyingine ya kutengenezea. Wiki iliyofuata, Anatole aliposhuka nalo Baraka, daraja liliwekwa juu ya visiki vile likagoma kushuka. Anatole alilijaribu mara nne, kwapa zimelowa.

"Unga haina makosa," daktari alisema. "Ni mukono yako. Saga meno yake mpaka iingie."

Meno yenyewe yalikwisha kuwa membamba. Kusaga zaidi kulikuwa kuufikia mshipa ulio hai ndani ya jino, na Anatole alilijua hilo vizuri kabisa.

Constance akamtazama mumewe. "Ya Madame ulitengeneza muzuri, Baba Placide. Ya mi, ulishindwa juu ya nini?"

Daktari alikuwa amesimama pale pale, anasubiri. Anatole akaweka mguu kwenye kanyagio la mashine ya kusagia, akamwambia mkewe afungue kinywa.