Mkono Mmoja Ukumbini

Mjomba wake ndiye aliyembandika binti huyo jina la Kisirani, kwa sababu tangu utotoni alikuwa haachi kuuliza. Ndiye pia aliyemlea, akamsomesha uhasibu na kumpa meza katika ofisi yake ya ukaguzi wa hesabu. Kwa hiyo msidhani mtoto wa watu alikuwa na pa kukimbilia.

Siku hiyo chama cha wakaguzi kilijaa ukumbini. Kampuni ya sukari ilikuwa imefilisika ghafla, wafanyakazi wamebaki mikono mitupu, na miaka yote wakaguzi walitia saini kwamba hesabu zake ni safi. Wakaguzi gani? Ofisi ya mjomba huyo huyo! Sasa serikali ilitaka sheria mpya: wakaguzi wasijisimamie tena, wasimamiwe na chombo huru. Afisa wa wizara alikaa mstari wa mbele kusikia msimamo wao.

Mjomba, ambaye ndiye mwenyekiti, alimvuta Kisirani kando.

"Mwanangu, leo funga mdomo. Ukiinua mkono kuiunga sheria hiyo, kesho usije ofisini."

"Na wale wa sukari, kesho waende ofisi gani?"

Mjomba akasonya, akapanda jukwaani.

Hotuba zikamwagwa. Eti watu wa nje wanajua nini kuhusu kazi yetu? Eti ya nyumbani humalizwa nyumbani! Makofi yakalia. Kisirani alikuwa na hasira mpaka masikio yanamwaka moto.

"Wanaoikataa sheria?" Mjomba akauliza. Mikono ikasimama ukumbi mzima.

"Wanaoiunga mkono?"

Kisirani akainua wake. Akaunyoosha hadi bega likauma. Jirani yake akasogeza kiti, utadhani binti ana upele. Mjomba akautazama mkono ule, akainamia kipaza sauti.

"Hakuna. Sheria imekataliwa kwa kauli moja."

Ala! Kisirani akasimama wima.

"Mjomba, mimi hapa! Mkono uko mbele ya macho yako na umeshindwa kuuhesabu. Ndivyo mlivyozikagua hesabu za sukari?"

Afisa wa wizara akamgeukia mwenyekiti.

"Hebu rudia kuhesabu, mzee."

Jasho likamtoka Mjomba. "Mmoja," alisema kwa sauti ya kunong'ona.

"Sema wasikie wote," Kisirani akamwambia, mkono ungali juu. "Kazi nifukuze, Mjomba, lakini kuhesabiwa nitahesabiwa."