Zero ya Kaka Damascène

Huko Ngungu kila muntu alijua kwamba kaka Damascène alisoma. Angekuambia mwenyewe, hata kama umeuliza tu bei ya viazi. Alikuwa na diplome, kalamu tatu mufukoni, na juma lile alitumwa na wakubwa wake kufundisha wamama kutengeneza fromage, ile jibini, kwa unga mupya wa kugandisha maziwa.

Byukusenge alifika la sita primaire, basi. Alikuja na litre tano, maziwa yote ya siku ya ng'ombe wa mama yake. Papa Muhindo, mwenye duka kule Mubi, alikuwa amesema atachagua muntu mumoja tu wa kumutengenezea fromage kila mwezi. Byukusenge alitaka kuwa huyo, na hakuwa na litre zingine tano za kuharibu.

Damascène aliandika ubaoni: paketi ya gramu moja, litre mia moja. Akapiga hesabu ya litre tano za kila mama, akapata 0,05 ya paketi. Angenyamaza pale, tungemusifu mpaka leo.

"Sasa, zero iko na uzito gani?" akauliza. "Hakuna. Kitu ya bure tunaondoa." Akafuta ile zero ya nyuma ya virgule, ile alama ya desimali. "Inabakia 0,5. Njo nusu. Kila mama amwange nusu paketi."

"Samahani, kaka," Byukusenge akasema. "Kama nusu inagandisha litre tano, paketi muzima inagandisha kumi. Wewe umeandika mia."

"Dada, ulifika wapi na masomo?"

"La sita."

"Njo maana."

Virgule inafundishwa mwaka wa ine. Labda juma lile Damascène alikuwa mugonjwa.

Damascène akamwanga nusu ndani ya maziwa yake ya mfano, wamama nao wakamwanga nusu, kwa heshima ya diplome. Byukusenge akakoroga paketi yake ndani ya vijiko mia vya maji, akihesabu kimoja kimoja.

"Huyu anapika supu," mama Agathe akasema.

Byukusenge akamwacha acheke. Ile zero ilikalia kiti cha sehemu za kumi, ili tano ikae nyuma yake, kwa sehemu za mia. Ukiifukuza, tano inasogea mbele, unga unakuwa mara kumi. Kila kijiko chake kilikuwa sehemu moja ya mia. Akachota tano, akatia ndani ya maziwa.

Majuma matatu kisha, Papa Muhindo akafika. Akaonja ya Damascène kwanza. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Mwalimu, hii iko fromage ao mupira ya pikipiki? Na hii uchungu?"

"Maziwa ya huku iko na shida," Damascène akajibu.

Ya mama Agathe, shida ile ile. Ya Byukusenge, Muhindo alikata kipande, akarudilia kingine, kisha akaifunga yote iliyobaki ndani ya kitambaa.

"Mwezi kesho unaniletea ngapi?"

"Kumi."

Mama Agathe akamusogelea mara moja. "Mutoto yangu, utahitaji maziwa ya kununua, si vile?"

Damascène naye akamungojea njiani. "Dada, wakubwa wakiuliza, utasema mimi njo nilikufundisha."

"Nitasema yote, kaka," akajibu. "Sitaacha kitu."