Jani la Gugumaji Mkononi mwa Seline

Mwaka ule gugumaji lilipofunika ziwa hapo Kisumu, Seline alikuwa sokoni Kibuye akifukuza nzi kwenye obambla, wale samaki wa kukaushwa, kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ulirudi upesi. Ulimi ulichelewa, na muuza samaki bila ulimi ni duka lililofungwa. Uliporudi, aliapa hautamtoka tena.

Daktari Wasike alimweleza pole pole. Moyo wake ulipiga ovyo, damu ikaganda humo. Aspirini haikuwa na masharti mengi, ila kwa moyo wa namna hiyo nguvu yake ndogo. Wafarini, dawa ya kupunguza damu kuganda, ndiyo kinga hasa, lakini damu lazima ipimwe kila mara: dawa ikizidi utavuja damu, ikipungua kiharusi kinarudi. Mashine ya kupimia ilikuwa pale kwenye kona ya zahanati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Maji yake ya kupimia hayakuwa yameletwa, kwa hiyo haikupima kitu.

"Dawa ya kupunguza damu?" akauliza Dorca, mke mwenza wa Seline, aliyemsindikiza. "Watu wanaomba kuongezwa, daktari, wewe unapunguza?"

"Hatupunguzi, mama. Ni kama uji. Tunataka usiwe mzito ukakwama."

"Uji wa mishipa ya Seline naujua. Ni maneno matupu."

Walipokuwa wakicheka, jani la gugumaji likachomoza kwenye kifundo cha mkono wa Seline, bichi, nene, linang'aa. Wasike akalibonyeza.

"Damu nzito," akasema.

"Basi nipe hiyo kali," Seline akajibu. "Kipimo ninacho."

Dawa ilipozidi, jani lilinyauka na fizi zikatoa damu, Wasike akapunguza. Dorca alipompakulia osuga, ile mboga ya mnavu, ya kujaa sahani, jani likanenepa. Wasike akasema mboga huidhoofisha dawa, ya leo isizidi ya jana. Dawa ilipokaa sawa likachanua ua la zambarau, Seline akaenda nalo kanisani.

Sokoni sauti yake ilifika hadi mtaa wa Kaloleni.

"Mama, samaki wako ghali!"

"Ghali ni jeneza, baba! Chukua samaki!"

Wagonjwa wa mtaa wa Manyatta nao wakaja kwa Wasike, wamekunja mikono ya mashati. Aliangalia kila kifundo. Vilikuwa vifundo tu. Bila jani, na mashine bado haina maji yake, akawaandikia aspirini. Kisha akakitoa kitambaa kwenye mashine, akakifua, akakianika dirishani, ambako sauti ya Seline ilikuwa ikiingia bila kukwama, na kilipokauka akakirudisha.