Waya Iliyokatwa kwa Koleo

Soipan, daktari wa mifugo, alikuwa ametoka kuchanja ng'ombe wa boma moja nje ya Bisil siku lori lilipomsukuma mtaroni akiwa kwenye pikipiki, likamvunja mguu mahali pawili. Sasa ni mwaka mmoja na nusu. Tangu siku hiyo pikipiki yake ilikaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yao Kitengela, imefunikwa turubai, na kila alipoiulizia, mumewe Sironka alikuwa na jibu lilelile.

“Stima yake imekufa yote. Muteti ameiangalia. Panya wamekula waya, hakuna kitu ya kuokoa hapo.”

Muteti alikuwa fundi wa pikipiki mtaani kwao, mtu mpole asiye na maneno mengi, na Soipan alimwamini. Basi aliachana na kazi ya kuzunguka na chanjo, akaenda kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo. Siku nzima wafugaji walimweleza magonjwa ya ng'ombe ambao hangeweza tena kwenda kuwaona kwa macho yake.

Ijumaa jioni Sironka akamwambia, kwa sauti ya mtu anayesema sukari imeisha, kwamba kesho kuna Gakuru, mtu wa Kajiado, atakuja na pikapu kuichukua pikipiki. Ataibomoa, auze spea.

Asubuhi, mumewe alipokwenda shuleni kufundisha masomo ya Jumamosi, Soipan alichukua sanduku lake la zana akaenda kibandani. Alijiambia anakwenda kuiaga tu. Lakini miaka sita alikuwa ameitengeneza mwenyewe porini, mahali ambapo fundi wa karibu ni mwendo wa nusu siku, na alipovuta turubai mikono ikaanza kazi bila kumwuliza.

Betri ilikuwa imekufa, na hilo halikumshangaza. Testa ya umeme ilisoma volti tatu, na vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga wa kijani. Akaazima nyingine kwa jirani yake Tabitha, akaifunga, akazungusha ufunguo. Hakuna kilichowaka. Akachomoa fyuzi. Ilikuwa nzima, ila miguu yake ilikuwa imeshika kutu. Akaisugua kwa msasa, akairudisha, na taa ndogo ya kijani ikawaka. Akabonyeza honi. Ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikalia hadi mbwa wa Tabitha wakabweka.

“Imekufa yote,” Soipan alisema peke yake.

Akapiga kiki kwa mguu mzima. Injini ilizunguka bila kuwaka. Akatoa plagi, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akapiga kiki tena huku akiitazama. Hakuna cheche. Akafungua kitufe cha kuzimia injini kwenye usukani, akasafisha uchafu ndani yake. Bado. Akang'oa kiti, na kweli akakuta kiota cha panya, nyasi na nyuzi za gunia. Walikuwa wameguguna waya ya indiketa. Lakini indiketa haizuii injini kuwaka.

Akainua tangi, akafuata waya moja baada ya nyingine kwa vidole. Karibu na kile kijisanduku cheusi kinachoamuru cheche, akakuta tepu. Akaibandua. Ndani yake, waya inayotoka kwenye sumaku ya injini ilikuwa imekatwa. Haikuwa na alama ya meno. Ilikuwa imekatwa mara moja, sawasawa, na kila ncha ikafungwa peke yake ili zisigusane.

Mwisho wa tepu ulikuwa umekunjwa kama kisikio kidogo. Sironka ndiye hufunga tepu hivyo, kwenye pasi, kwenye chaja, hata kwenye mpini wa jembe, eti siku ya kuibandua isisumbue.

Soipan akaenda kwa Muteti, akichechemea haraka kuliko daktari wake alivyomruhusu.

“Muteti, uliangalia pikipiki yangu?”

Muteti aliweka spana chini. “Daktari, mimi hata sikuifungua. Bwana yako ndio aliniambia niseme hivyo. Alisema ni ya kukusaidia.”

“Nimepita hapa na magongo mwaka mzima! Unanisalimia, unaniuliza mguu uko aje, na unajua?”

Soipan alimwacha hapo.

Sironka aliporudi saa saba alimkuta mkewe kibandani, pikipiki wazi, tangi liko chini. Uso wa Sironka ulisema ameelewa.

“Panya hajui kufunga tepu, Baba Yvonne,” Soipan alimwambia mumewe.

“Soipan, wewe hukujiona. Mimi ndio nilikushika pale hospitali, mfupa uko nje. Enkai ai, Mungu wangu, nilikuwa naota hiyo kitu kila siku. Nilijua ukipona utapanda tena.”

“Ungeniambia unaogopa!”

“Ungesikia?”

“Sijui! Hukunipa nafasi ya kujua. Umeniacha nijione kiwete wa kuuza dawa ya minyoo, na kila siku unakula na mimi meza moja ukinidanganya. Mguu ulivunjwa na lori. Hii nyingine ni wewe.”

Sironka alinyoosha mkono. Soipan akaweka koleo kiganjani mwake.

“Ulikata mwenyewe. Unganisha.”

Alimsimamia. Mwalimu yule alimenya ncha za waya, akazisokota, akakosea, akarudia. Soipan hakumsaidia. Kazi ilipokwisha, Soipan alirudisha plagi na tangi, akamimina petroli mpya, akapiga kiki. Mara ya tano injini ikanguruma na kibanda kikajaa moshi. Sironka alifunika uso kwa viganja, akalia. Wakati mwingine wowote Soipan angemshika bega. Siku hiyo hakumshika.

Gakuru alipopiga honi getini, Soipan alimtuma Sironka huyohuyo akamwambie kwamba pikipiki haiuzwi, na asimsingizie panya.

Jumatatu, akiwa amenunua betri yake mpya na Muteti amekaza breki kimyakimya, Soipan alishika barabara ya Namanga. Alipofika Isinya bado alikuwa na hasira. Akiwa Kajiado aligundua vidole vimekufa ganzi kwa jinsi alivyong'ang'ania usukani, na kwamba kila lori lililompita alikuwa amebana pumzi. Kwa hivyo hofu ilikuwepo. Ila hii ilikuwa yake mwenyewe, na alijua aiweke wapi.

Msimamizi wake wa zamani wa kazi ya chanjo alimpa maboma matatu ya kuanzia, upande wa Bisil. Akamtumia mumewe ujumbe wa neno moja: *Nimefika*. Jibu lilirudi papo hapo, refu, la kuomba msamaha tena. Alilisoma mpaka mwisho, akaweka simu mfukoni bila kujibu, akaanza kufunga kasha la chanjo nyuma ya kiti.